Sirili na Maji ya Ngure

Sirili alipokabidhiwa mfongo na baba yake, mwaka 1979, maporomoko ya Ngure hayakuwa na kazi kwa mtu yeyote. Wanawake walipita kando yake wakienda kukata majani ya ng'ombe, na watoto walikatazwa kusogea kwa kuwa mawe yanateleza. Kilichotuhusu sisi watu wa Masangeni kilikuwa juu yake kidogo: banio, pale ambapo mto unazibwa kwa mawe na magogo ya migomba ili maji yaingie kwenye mfongo. Mfongo ni mfereji waliouchimba wazee wetu kwa mikono. Unazunguka mteremko zaidi ya kilomita tatu, ukinywesha vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, hadi cha mwisho.

Kazi ya Sirili ilikuwa kuulinda. Alijua zamu ya kila nyumba. Asubuhi alitembea na jembe begani kutoka banio hadi chini, akiziba matundu ya fuko. Hakuwa mtu wa maneno. Ukiiba maji ya zamu ya jirani, alikuja akasimama mlangoni kwako, akanyamaza mpaka ukaomba radhi mwenyewe.

Mwaka 1995, Jovin, mtoto wa kaka yake, alishuka mlimani na Wazungu wawili. Jovin alikuwa mpagazi wa safari za Kilimanjaro, na wageni hao walibakiwa na siku moja kabla ya ndege yao. Akawapeleka Ngure. Mektrida, mke wa Sirili, aliwakuta huko akiwa na mzigo wa majani kichwani. Alifika nyumbani akautua.

"Baba Evelyn, kuna watu wazima wanaoga kule chini ya mwamba, mwanaume na mwanamke. Jovin amekaa anawasubiri."

"Wamepotea?"

"Hawakuonekana kupotea."

Wiki iliyofuata walikuja wanne. Miaka miwili baadaye kampuni moja ya mjini ikaiweka Ngure kwenye ratiba yake. Jovin aliacha kubeba mizigo, akaunda kikundi na wenzake, wakachonga ngazi za udongo na kufunga kamba pale panapoteleza. Mathew akafungua duka la soda njia panda. Wakati huo bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na watu walikuwa wanang'oa miti yao, lakini Mektrida alibakiza michache karibu na nyumba. Wageni walipenda kumwona akikaanga buni na kuitwanga kwenye kinu, na walipenda zaidi kupewa mchi watwange wenyewe. Vijana waliokuwa wanawaza kuhamia Arusha walibaki. Ilifika mahali nusu ya nyumba za Masangeni zilikuwa na mtu anayekula kwa Ngure.

Kisha kikaja kiangazi cha mwaka 2000. Vuli haikunyesha vya kutosha, na Januari, msimu ambao wapanda mlima ni wengi, mto ulikuwa umepungua kiasi kwamba mfongo uliuchukua karibu wote. Ngure ikabaki uzi.

Jovin alifika nyumbani kwa Sirili jioni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kaa."

Jovin hakukaa. "Wageni wa leo wamekuta mwamba mkavu. Kampuni inasema ikiendelea hivi watawapeleka kwingine. Naomba maji yaachwe mtoni kuanzia saa nne mpaka saa kumi."

"Na migomba?"

"Jioni utafungulia, yajae bwawani. Asubuhi watu watamwagilia kutoka huko. Ni kiangazi hiki tu."

Sirili alijua bwawa lile la kuhifadhia maji ya mfongo limejaa tope na halibebi maji ya kitongoji kizima. Lakini alimtazama mkewe, aliyekuwa anachambua buni za wageni wa kesho, akasema sawa. Hakuwahi kufunga maji isipokuwa kwa matengenezo. Kesho yake aliyafunga.

Karibu wiki mbili hakutembea mfongo hadi mwisho. Alijiambia goti linamsumbua. Siku ya kumi na tatu alishuka, akafika kwa Theodora, mjane mwenye kihamba cha mwisho. Theodora hakuwahi kupata chochote kwa wageni. Barabara yao haikupita kwake. Aliishi kwa ndizi na magimbi aliyouza sokoni Kiboriloni. Sirili alikuta majani ya magimbi yamegeuka manjano na ya migomba yamejikunja.

"Karibu, Baba Evelyn," alisema Theodora. "Nilidhani mfongo umebomoka."

"Haujabomoka."

"Basi maji yanakwenda wapi?"

Sirili akamweleza yote. Theodora alisikiliza, ufagio mkononi.

"Kwa hiyo yanaanguka ili yaangaliwe," alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma Sirili. Alirudi nyumbani na hakugusa mtori aliowekewa.

Asubuhi iliyofuata alipanda hadi kwenye banio. Ilipofika saa nne hakulifunga. Alikaa juu ya jiwe, jembe magotini. Saa tano wakafika wageni kumi na mmoja, wakakuta uzi ule ule wa maji. Jovin alipanda akihema.

"Baba mdogo, unaniaibisha mbele za watu."

"Kaa."

Safari hii Jovin alikaa.

"Fuata maji haya mpaka yanapoishia," Sirili alisema. "Ukirudi ukaniambia nifunge, nitafunga."

Jovin aliondoka na wageni wake, maana hakuwa na kingine cha kuwaonyesha siku hiyo. Walitembea kando ya mfongo wakiuliza maswali kila hatua: nani alichimba, nani anapanga zamu, ugomvi unaamuliwaje. Walifika kwa Theodora muda mfupi baada ya maji. Mama wa watu hakuwa amejiandaa kupokea kumi na mmoja. Aliwachomea ndizi, akaendelea kuelekeza maji kwenye magimbi yake, na mgeni mmoja mwenye mvi akavua viatu akamsaidia.

Jovin alirudi jioni. Hakusema habari ya kufunga.

Jumapili, baada ya misa, kitongoji kilikaa. Kulikuwa na maneno makali; Mathew alisema wazi kwamba Sirili anaua duka lake. Mwishowe walikubaliana kwamba wakati wa kiangazi Ngure iachiwe maji siku tatu kwa wiki, na siku nyingine wageni watembezwe mfongoni. Kikundi cha Jovin kikapewa kazi ya kuchimbua tope la bwawa. Iliwachukua Jumamosi tatu.

Si wote walioridhika. Kampuni ilipunguza safari mwaka ule, Mathew alifunga duka hadi Juni, na Jovin alikaa muda bila kukanyaga kwa baba yake mdogo. Lakini mvua zilirudi, wageni wakarudi, na kufikia mwaka 2003 kulikuwa na wanaokuja kwa ajili ya mfongo wenyewe. Theodora alijenga choo chenye mlango mzuri, akawa anawachemshia magimbi. Mektrida, aliyechoka kupigwa picha akiwa jikoni, alipanda ua mnene wa masale kuzunguka nyumba.

Evelyn, binti yao, alikuja Krismasi ya mwaka uliofuata kutoka Dar es Salaam. Alihesabu magari manne njia panda. Alimfuata baba yake banioni, akamuuliza kama anaipenda hali hii.

Sirili alisema: "Zamani ukikutana na mtu mfongoni ulijua ni wa nyumba gani. Sasa lazima niulize."

"Na ukiuliza?"

"Wanajibu vizuri tu."

Akamwambia akirudi Dar amtafutie mabuti ya mpira, namba tisa, maana aliyonunua Moshi yanavuja.