Ndoyi wa Munganga wa Wazimu

Nilipojifungua mtoto wa pili, kichwa changu kiliharibika. Nilisikia sauti za watu wasiokuwepo, nikakataa kumnyonyesha mtoto, nikisema si wangu. Mume wangu alinipakia juu ya toleka, baiskeli ya abiria, yeye akakimbia kando na mtoto mpaka hospitali.

Munganga wa magonjwa ya akili alikuwa mmoja tu. Mji mzima, mmoja. Alinitibu nikapona, ila dawa sikupaswa kuziacha.

Siku moja akaniambia, bila kunitazama:

— Mama, mwezi kesho tunahamia Kinshasa.

— Juu ya nini?

— Bibi yangu amechoka. Ku soko banamuita bibi ya bafou, mke wa vichaa. Wagonjwa wangu wakiniona barabarani, wanajificha. Munganga wa kuzalisha iko na ndoyi kila mtaa. Mimi sina hata mmoja.

Ndoyi ni mtoto aliyepewa jina lako. Huwezi kumtupa, ni kama damu yako.

— Na mimi? Sauti zikirudi, nishuke mto mpaka Kinshasa kukutafuta?

— Mama, usikasirike.

— Nimeshakasirika.

Nilikasirikia mji wote. Wanaponea kwake, halafu wanaona haya kumsalimia.

Mtoto alikuwa bado kubatizwa. Mama mkwe alingojea jina la marehemu babu. Padri alipouliza, nikataja la munganga, kwa sauti. Minong'ono ikaanza.

— Ndiyo, yule wa wazimu, nikasema. Yeye njo alinirudishia huyu mtoto.

— Umetuvua nguo, mama mkwe akanong'ona.

— Mama, bila yeye leo ungekuwa kwenye matanga yangu.

Kutoka kanisani nilikwenda kwao mchana kweupe, mtoto mgongoni, samaki wa Wagenia, wavuvi wa mto wetu, kwenye sahani. Mke wake akafungua. Nyuma yake niliona mizigo imefungwa kamba.

— Ndoyi ya bwana yako amekuja kusalimia.

Alimtazama mtoto. Kisha akaita ndani:

— Papa, kuja. Mutu wako iko hapa.

Munganga akampakata. Mke wake akachukua kisu. Nilidhani ni cha samaki. Akakata kamba ya mzigo wa kwanza, akatafuta humo kitambaa cha kumshonea mtoto nguo, maana ndoyi huvalishwa.

Mwezi uliofuata nilimkuta munganga hospitalini, kwenye kiti chake.

— Ndoyi wangu analala?

— Analala. Na mimi ninalala.

Bado ni mmoja tu mji mzima, na hasira yangu iko palepale. Lakini siku hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu, polepole, dawa mkononi bila kuzificha.