Vijiti Viwili, Nafasi Nne

Zamani mtu alileta redio yake kwa fundi akakaa kwenye benchi mpaka isikike tena; siku hizi kifaa huachwa mlangoni ndani ya boksi, na aliyekileta hata pikipiki haizimi.

Mzee Waya alikuwa fundi wa benchi. Chumba chake kilitazama barabara, na ndani yake lilikuwamo benchi moja refu la mbao, limeng'arishwa na makalio ya wateja wa miaka arobaini. Shule aliiacha darasa la nne. Yaliyobaki alijifundisha kwa vitabu vya mafundi vilivyoandikwa kwa lugha ya watu, kamusi magotini, neno baada ya neno, kama mtu anayechambua mchele. Akatoka kwenye redio akaingia kwenye televisheni, akatoka huko akaingia kwenye kompyuta, na hakuwahi kufungua skrubu kabla ya kufungua kitabu. Siku hizi wafungua skrubu wamejaa tele. Wafungua kitabu, watafute kwa tochi.

Kitinda mimba wake alikuwa mchora ramani za nyumba. Wanne waliomtangulia walikwisha kutawanyika, kila mmoja na likizo yake aliyoahidi kuja. Mama yao alikuwa na mwaka wa tatu kaburini. Sasa mume wa huyu wa mwisho naye akapata kazi mji wa mbali, safari ya siku mbili kwa gari. Wiki moja kabla ya kuhama wakamletea mzee maboksi ili awaundie kompyuta ya mezani: kasha, prosesa iliyo ubongo wa mashine, bodi, vyote vimeagizwa kwa simu. Kilichokosekana ni RAM tu, vile vijiti vya kumbukumbu ambamo mashine hushikilia kazi iliyo mkononi.

"Hiyo tumekuachia wewe, baba," binti alisema. "Jumamosi tunapita kuichukua."

"Ila chukua yenye kasi kubwa kabisa, Mzee," mkwe akadakia, akimsogezea simu puani. "Hii hapa. Elfu nane!"

"Mkwe, prosesa yenu husikiliza vizuri mpaka elfu sita. Ukiipigia kelele za elfu nane, itazima au itaropoka."

Mkwe akamnong'oneza mkewe kwa makusudi ya kusikika: "Sasa hivi atasema haraka haraka haina baraka."

"Sina haja. Umeshasema wewe."

Wakacheka wote watatu.

Walipoondoka mzee akabaki anaitazama ile bodi. Ilikuwa na nafasi nne za RAM. Kwa kazi za wakati ule, vijiti viwili vya giga kumi na sita vingemtosha binti, na nafasi mbili zingebaki wazi. Kazi ikikua mwakani, angerudi kuongezewa. Angerudi. Neno hilo mzee alilirudia peke yake.

Jirani yake, mshona nguo aliyeitwa Sindano, hakuona cha kufikiria.

"Mpe viwili vidogo, Waya, atarudi kwa viwili vingine. Mimi gauni la bi harusi sikosi kuliachia kifungo kimoja legelege."

"Na bi harusi akirudi?"

"Namkazia kifungo, ananipa habari za mume. Sisi tuliishi na watu hivyo, au umesahau?"

Hakusahau. Ndiyo iliyokuwa desturi: kazi haikukatwa ikaisha, iliachiwa uzi wa kumrudisha mtu. Lakini mzee akafungua kitabu cha bodi, kama kawaida yake, akateremsha miwani. Jedwali lilisema vijiti viwili hufika elfu sita, na vinne hushuka mpaka elfu tatu na mia sita. Alisoma mara tatu akiomba kamusi iwe imemdanganya. RAM za zamani ungejaza usijali sana. Hizi mpya, zikijaa nafasi zote nne, huelemeana, na kasi ikaporomoka. Binti angerudi kuongezewa, kisha ramani zake kubwa zingejivuta kila siku ya Mungu. Sahihi ilikuwa vijiti viwili vikubwa, giga thelathini na mbili kila kimoja, tangu sasa. Nafasi mbili zingebaki tupu daima, na fundi asingehitajika tena.

"Nani atajua?" Sindano aliuliza.

"Kitabu kinajua."

"Basi kaa na kitabu chako kikupikie."

Alhamisi alisimama muda mrefu kwenye duka la RAM, pakiti ya giga ndogo mkono wa kulia, ya giga kubwa mkono wa kushoto.

"Mzee, unazipima uzito?" mama muuzaji alimtania.

"Ndiyo, mwanangu. Ni nzito."

Akachukua kubwa.

Jumamosi asubuhi mashine ikawaka mbele yao, na mkwe akaruka. "Mzee! Elfu nne na mia nane! Wamekuuzia feki."

"Tulia. Huanza kwa mwendo wa mgeni mpaka uiruhusu." Akaingia kwenye mipangilio, akachagua elfu sita, akahifadhi. Kioo kikawa cheusi tii.

"Imekufa?"

"Inajizoesha na vijiti vyake. Mara ya kwanza huchukua dakika kadhaa. Kaeni."

Wakakaa kwenye benchi. Simu hawakuzitoa.

"Baba, hapa si ndipo niling'oka jino?"

"Hapo hapo. Ulilia mpaka wateja wakahamia kwa Sindano."

Mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi. Maisha yake yote mzee alikuwa akiomba kioo kiwake; asubuhi ile aliomba kichelewe. Kikawaka. Elfu sita.

Binti alichungulia ndani ya kasha. "Na hizi nafasi mbili? Nije uniongezee lini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ilikuwa imefagiliwa mbele yake. Mzee alikohoa.

"Hutahitaji, mwanangu. Na asikudanganye mtu akakujazia, RAM mpya zitavuta hizi chini."

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

Sasa ni mwaka wa sita. Binti hupiga simu, na mzee huulizia mashine kabla ya watu. "Haijawahi kunisumbua hata siku moja, baba," hujibu, akidhani anamfurahisha.

Jumamosi ile ndiyo mara ya mwisho kuwaona. Walilaza kasha kiti cha nyuma, binti akalifunga mkanda kama mtoto. Mzee alisimama mlangoni, bisibisi bado mkononi. Gari likaenda taratibu mpaka njia panda, taa ya kushoto ikipepesa kana kwamba lingezunguka lirudi, likakata kulia.