Leseni ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja Birmingham kukaa nasi miezi mitatu, na wiki ya kwanza haikuisha kabla hajakosana na samaki wa hapa. Alikuwa ameuza samaki Kisumu miaka thelathini. Alisomesha watoto wanne kwa sangara na ngege, wa mwisho wao akiwa mume wangu. Kwa hiyo nilipomwekea mezani kipande cha samoni, cha rangi ya waridi na mraba kama sabuni ya kuogea, alikigeuza kwa uma, akakigeuza tena, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kichwa chake kiko wapi?"

Nikamwambia dukani tunakonunua vichwa haviuzwi.

"Na alikufa lini?"

Sikujua. Mimi ni muuguzi. Kazini nikiulizwa swali kama hilo jibu huwa limeandikwa, saa na dakika. Mume wangu aliinamia sahani yake kama mtu anayetafuta sindano. Mama alikila chote, kwa heshima, akanishukuru, na kwa siku mbili hakutaja samaki tena. Nilijua hilo halikuwa jambo zuri.

Jumapili baada ya kanisa tulitembea naye kando ya mfereji, karibu na nyumbani kwetu Selly Oak. Tukamkuta mzee mmoja ameketi chini ya mwavuli mkubwa wa kijani, na tulipomkaribia akavuta samaki mwenye urefu wa mkono hadi kiwiko. Mama akasimama. "Huyo sasa ndiye samaki," akasema. Yule mzee akampima kwa mizani, akampiga picha, akainama, akamrudisha majini.

Mama alitoa sauti ambayo mara ya mwisho niliisikia kwenye mazishi. "Amemwangusha! Mwambie amemwangusha!"

Mzee akaeleza bila haraka kwamba hakumwangusha. Kwenye mfereji ule samaki hurudishwa. Anayetaka wa kula aende kwenye maziwa ya samaki aina ya trauti nje ya jiji, ambako samaki huwekwa kwa ajili hiyo, ila awe na leseni na afuate masharti. Nilitafsiri.

"Leseni ya kula samaki?"

"Ya kuvua, Mama."

"Na wa kula ni wangapi?"

"Anasema mara nyingi wawili."

"Wawili kwa saa?"

"Kwa siku. Kila mtu."

Tulirudi nyumbani. Alipokwisha kuvua koti akauliza, "Tutaenda lini?"

Tulikata leseni za siku moja kwenye simu yangu, mezani jikoni. Zilikuwa za aina mbili: moja ya trauti na samaki wa kawaida, nyingine ya samoni, iliyo ghali zaidi. Mama alitaka ya samoni, kwa sababu alikuwa na jambo lake na samoni. Nikamsomea masharti. Kwenye Mto Severn, ulio wa karibu kwetu, ukimpata samoni ni lazima umwachilie, kila mmoja, bila kubagua.

"Ngoja," akasema. "Unalipa zaidi, ndiyo umwachilie?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kisha akapiga simu Kisumu, akamsimulia rafiki yake wa sokoni, na rafiki yake naye akacheka, nami nikaachwa nichague za trauti na kujaza tarehe za kuzaliwa peke yangu.

Jumamosi alishuka ngazi amevaa kitenge cha kanisani na kilemba kilichopigwa pasi. Kwapani alikuwa na karai la plastiki la kutosha kuogeshea mtoto, na kwenye kiondo kisu chake, chumvi, na kikopo cha majarini ambacho sikukiulizia. Mume wangu alikuwa kazini. Niliendesha gari dakika arobaini, Mama akinieleza njiani jinsi ya kumkausha samaki wa tatu na wa nne, nami nikimkumbusha kila tulipofika taa nyekundu kwamba hakutakuwa na wa tatu.

Msimamizi wa ziwa alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, mpole kama mwalimu wa chekechea. Alizikagua leseni, akatukodisha fito mbili za kuvulia, kisha akasimama mbele ya ubao wa masharti na kutusomea mstari baada ya mstari, nami nikitafsiri. Ufito mmoja kwa mtu mmoja. Chambo ni nzi wa bandia tu, yule wa manyoya na uzi. Ndoana ziwe zimesagwa kile kijino kinachozuia isichomoke. Ukitaka kumshika samaki wa kurudishwa, lowesha mikono kwanza. Ukipata wawili, umemaliza, ukunje mshipi.

"Na je," akauliza, "mna kasisi?"

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akarudia, na neno lilikuwa lilelile, la kasisi wa kanisani. Nikamwambia kasisi wetu tulimwacha mjini na kwamba Jumamosi huwa na harusi.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anauliza kama tuna kasisi."

Mama alilifikiria jambo hilo kwa uzito. "Wa kumwombea samaki, ama wa kutuombea sisi?"

Msimamizi akafungua droo, akatoa kirungu kifupi cha mbao chenye kichwa cha shaba. Wavuvi wa huku, akasema, hukiita hivyo kwa sababu ndicho kinachomhudumia samaki dakika yake ya mwisho. Sheria ni kwamba samaki wa kula apigwe mara moja, kichwani, asiteseke. Mama akakipokea, akakipima mkononi, uso ukachangamka. "Huyu namfahamu," akasema. "Hata kwetu tunaye, ila hajapata jina."

Hapo ndipo alipotoa kikopo cha majarini. Kumbe asubuhi na mapema alikuwa amechimba bustani yetu, na ndani mlikuwa na minyoo minene iliyofunikwa kwa udongo wetu. Msimamizi alirudi nyuma hatua moja na kutikisa kichwa. Minyoo hairuhusiwi hata kukaribia maji.

"Mwambie samaki hali manyoya," Mama akasema.

Nikamwambia. Akajibu kwamba wa hapa hula, na sharti ni sharti. Kikopo kikabaki ofisini kwake, kando ya birika la chai, na Mama akanituma nihakikishe hatakitumia yeye.

Tulifundishwa kurusha mshipi. Mimi, niliyeahidi nyumbani kwamba nitamsaidia Mama, nilirusha mara ya kwanza na kunasa jani, mara ya pili nikanasa koti langu, mara ya tatu nikanasa kilemba cha Mama. Aliniinamishia kichwa nikaanza kuichomoa ndoana. Kumnasa mama mkwe kichwani si jambo ambalo mtu hufundishwa namna ya kuliombea msamaha. Lakini kwa sababu haikuwa na kijino, ndoana iliteleza ikatoka bila kuchana hata uzi.

"Sheria hiyo moja," akasema, akikigusa kilemba, "ni nzuri."

Yeye alirusha kama anayemwaga maji ya kuoshea vyombo, kwa mkono mmoja, bila kufikiri, na mshipi ukalala juu ya maji umenyooka. Msimamizi alivua miwani. Kabla sijafungua chupa ya chai, Mama alikuwa na trauti wa kwanza, mwenye ubavu wa rangi ya zambarau. Alimfungua mashavu akayakagua, akamnusa, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akamwita kasisi afanye kazi yake. Saa nne na robo alimpata wa pili.

"Umemaliza, Mama," nikamwambia.

"Nimemaliza nini? Ndiyo kwanza mkono umeshika moto!"

"Wawili."

Alilitazama ziwa lote, lililokuwa likichezacheza kwa samaki, kisha akanitazama mimi ambaye sikuwa na hata mmoja. Akaukunja mshipi, akaketi juu ya karai lililopinduliwa, na kuanzia dakika hiyo akawa ananiamuru. Rusha kule. Usivute. Vuta. Usikae kama unangoja basi.

Karibu na saa sita ufito wangu ukapinda. Nilipiga kelele. Samaki alikimbia upande mmoja, mimi nikakimbilia upande mwingine, mshipi ukanizunguka goti, nikasikia kitenge kikifagia nyasi na ufito ukanyakuliwa mikononi mwangu. Mama alimleta ukingoni kwa mizunguko mitano ya gurudumu la ufito, nami nikamzoa kwa wavu. Tulipoinua macho, msimamizi alikuwa amesimama juu yetu.

Hakukasirika. Aliuliza tu, kwa sauti ileile ya chekechea, nani aliyekuwa ameshika ufito samaki alipofika kwenye wavu.

Nakiri kwamba nilikwisha kufungua mdomo kusema ni mimi. Tena nilikuwa na maelezo. Lakini Mama alielewa swali kabla sijatafsiri, akajipiga kifua. "Mimi," akasema kwa Kiingereza. "Number three."

Basi ilibidi arudishwe. Msimamizi akapiga goti na kumwonyesha: lowesha mikono, mshike kwa chini, mwelekeze kichwa mbele, usimtupe, ngoja mpaka ajisikie nguvu. Mama alilowesha mikono mpaka kwenye viwiko. Alimshika yule samaki ndani ya maji, mnene kuliko wawili wake, na sikumwona akipepesa macho. Mashavu ya samaki yakafunguka na kujifunga. Kwa miaka thelathini kila samaki aliyepita kwenye mikono ile alikuwa ameshakufa, au alikuwa karibu.

"Anapumua," akaniambia kwa mnong'ono, kama nimwonavyo bibi akishika mjukuu wodini. Kisha mkia ukapiga maji, ukatulowesha sote watatu, samaki akaenda.

Mimi sikupata mwingine. Kwenye meza ya kuoshea samaki, Mama alitoa kisu chake, akawapasua wawili wake kwa muda ambao mwanamume wa jirani alikuwa bado anatafuta pa kuanzia. Mwanamume yule akamsogezea wake. Nyuma yake akaja mwingine. Nilipotoka kurudisha fito nilikuta wanaume sita wamepanga foleni na ndoo zao, na Mama, mikono ya kitenge imekunjwa mpaka mabegani, akiwakaripia kwa Kiswahili kwa kuchelewa kuwaosha samaki wao, nao wakiitikia, "Yes, yes."

Jioni mume wangu alikuta trauti mezani wakiwa na vichwa, macho na kila kitu, pamoja na ugali na sukuma wiki. Alikula nusu ya wa kwanza kabla sijamwambia habari za wa tatu.

"Mama alimrudisha?" akauliza. "Mama huyu?"

"Akiwa hai," nikasema.

Akamgeukia mama yake. Mama alikuwa ameshika kichwa cha trauti kwa vidole viwili, akifyonza shavu, na hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kuhojiwa.

"Kula," akamwambia. "Alikuwa bado mdogo."