Mpangaji Tu

Tulisikia kipaza sauti kabla gari halijatokeza kona ya Mjimwema. Bomu lilikuwa limelipuka mjini, na serikali ilitaka kila mwenye nyumba amdhamini mgeni wake mbele ya balozi wa nyumba kumi, au amtoe.

Mpaka leo, nikipita kwa fundi simu na kunusa waya zinazochomelewa, uso hunichoma kwa aibu.

Mgeni wetu alikuwa fundi redio kutoka Tunduru, mpangaji wa chumba cha uani. Alikula nasi kila jioni. Baba, Mkristo, hakuruhusu mboga ifunuliwe mpaka fundi amalize kuswali.

Balozi wetu alifika na mgambo. Walichungulia chumbani wakaona waya na betri zimejaa kitandani.

"Balozi, si juzi tu nimekutengenezea redio?" fundi alicheka.

"Na inaimba vizuri, fundi. Ila mwenye nyumba ndiye aseme. Mwalimu, unamdhamini huyu?"

Sote tukamgeukia baba. Alimtazama mgambo, kisha zile waya.

"Simjui sana," alisema. "Ni mpangaji tu."

"Jamani!" mama aliguta, kisha akajiziba mdomo kwa kanga.

Fundi alikunja godoro, akajitwika, akapita sebuleni tulipokuwa tumerudi kukaa.

"Shikamoo, mwalimu."

Nilisubiri marahaba. Baba alinyanyuka, akamfuata hadi kizingitini, akaufunga mlango nyuma ya fundi taratibu, kama mtu anayeogopa kuwaamsha watoto, na sisi tulikuwa macho, tunamtazama.