Jumapili ya Mwenyekiti

Tangu kiharusi kimwangushe mama yao, binti kitindamimba wa nyumba ile, fundi cherehani aliyeshona sare za shule sebuleni, alikuwa amegeuka muuguzi, mpishi na dobi kwa pamoja. Sare za wateja zililala bila kushonwa. Mgongo ulimuuma kwa kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, na usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

Ndugu zake walimsaidia sana kwa mdomo. "Mungu atakulipa," walimwambia kwenye simu, wakimsukumia Mungu zamu yao.

Kaka mkubwa, ambaye watu walimwita Mwenyekiti kwa jinsi alivyopenda kufungua vikao, alikuja Jumapili moja na mkewe. Manukato ya wifi yalitangulia kuingia. Mwenyekiti aliketi kando ya kitanda, akamshika mama mkono, akasubiri mkewe apige picha, kisha akauachia mkono ule kama sufuria ya moto.

"Mama, unatunzwa vizuri?"

"Haya," mama akajibu. Kiharusi kilikuwa kimemwachia neno hilo tu.

"Umesikia? Ameridhika!" Mwenyekiti akamgeukia mdogo wake. "Ila chumba kina harufu. Nawe umejiachia mno, hata nywele! Jipangie muda, mdogo wangu."

Fundi alimtazama kama anavyotazama nguo iliyoshonwa na mlevi. Akainama sikioni mwa mama. "Mama, leo ubaki na Kaka?"

"Haya."

"Umesikia, Kaka? Ameridhika." Akachukua mkoba. "Uji uko kwenye chupa, mnyweshe taratibu asipaliwe. Nepi ziko chini ya kitanda."

"Nepi? Mimi mtoto wa kiume!"

"Si umekuja na mke?"

Wifi akashika paji la uso. Kichwa kilikuwa kimeanza kumgonga ghafla.

Fundi hakungoja. Alikwenda saluni ya jirani, akaketi, na kabla msuko wa kwanza haujaisha alikuwa anakoroma. Msusi akamwacha alale.

Aliporudi, wifi alikuwa barazani, pua ndani ya leso. Mwenyekiti alikuwa chumbani, tai begani, uji shatini, jasho likimchuruzika. Mama alivishwa gauni nyuma mbele na nepi ilifungwa kama furushi la mitumba, lakini alikuwa mkavu.

"Mdogo wangu," Mwenyekiti akanong'ona, "unawezaje haya kila siku?"

"Ajabu ni kwamba unauliza leo."

Fundi alidhani aibu ile ingezaa kitu. Wapi! Mwenyekiti alipotea, hata simu hapokei. Basi mwezi uliofuata fundi akakodi teksi, akampeleka mama na mizigo yake hadi mlangoni kwa kaka mtu, mchana kweupe, majirani wakikodoa macho. Nani angethubutu kumrudisha mzazi mbele ya hadhara?

Sasa mama hukaa kule wiki moja kila mwezi, na wifi huwaambia wageni kwamba mzazi hatupwi, wao wamejitolea kwa moyo wao. Maneno hayo yakimfikia fundi, husonya.

"Waache wajisifu," husema, "mradi wanamgeuza."