Vitu Vidogo vya Rukaiya

Wanawake waliokuja kumpa pole Rukaiya walimwonea huruma kwa mambo mawili: kufiwa na mume, na kukaa eda. "Kufungiwa ndani miezi yote hiyo, mwanangu, si mchezo," walimwambia. Rukaiya aliitikia kwa adabu. Hakuwaambia kwamba tangu aolewe na Mbwana, akaletwa nyumba hii ya Chang'ombe nyuma ya karakana za mabati, hakuwa mtu wa kutoka. Eda ilimkuta ndani, ikamwacha palepale.

Kilichobadilika ni kabati la vioo pale sebuleni. Lilifunikwa kanga. Wifi yake Naima, aliyekuja kukaa naye, alisema hitma itasomwa hapo na malaika wa rehema hawaingii penye sanamu. Rukaiya hakubisha. Alichoomba ni kanga iwe nyepesi.

Ndani ya kabati hilo mlikuwa na nyumba. Rafu ya juu ilikuwa vyumba vya kulala, ya kati ukumbi na jiko, ya chini ua. Palikuwa na kitanda cha kamba kilichoenea kiganjani, na mto wake wa sufi. Palikuwa na kibao cha mbuzi chenye meno ya kweli. Siku moja alikijaribu kwa kipande cha nazi, kikatoa machicha ya kujaza kizibo cha soda. Palikuwa na ungo, kinu, birika, na midoli waliovaa vipande vya kanga alivyovipinda mwenyewe kwa sindano: bibi mwenye mvi za pamba, mama, baba, na mtoto wa kike ambaye hajawahi kupewa jina.

Asiyekusanya vitu hivi hajui utamu wake. Ni utamu wa kukaza macho mpaka dunia kubwa inyamaze. Unasogeza kiti kidogo kuelekea dirishani, na nyumba nzima inageuka: mdoli aliyekuwa anamsubiri mgeni sasa anamkwepa. Watoto wa mtaani walikuja kugandisha pua kwenye kioo, na mama zao nyuma yao walikaa muda mrefu kuliko watoto.

Lakini kila kitu kabatini kilikuwa na siku yake. Mbwana hakuwahi kumpigia kelele wala kumnyanyulia mkono. Hata neno hapana hakulitumia. Mkewe akiomba jambo, alisema, "Nitakujibu Ijumaa." Ijumaa ikifika, alirudi na kitu mfukoni kimefungwa gazeti. Rukaiya aliomba kujiunga na kina mama wanaoshona. Ikaja cherehani ya bati yenye gurudumu linalozunguka. Aliomba kwenda Tanga kwenye harusi ya mdogo wake, likaja basi.

"Umeiona keria yake?" Mbwana alimwuliza, uso umemkunjuka kama mtoto.

Na yeye, Mungu amsamehe, alifurahi. Alilitafutia basi mahali pa kuegesha pale uani, akalihamisha, akalirudisha. Harusi ilikuwa imekwisha alipokumbuka kulia.

Ombi la mwisho lilikuwa la shule. Rukaiya alisomea ualimu kabla ya kuolewa. Margareta, jirani mwenye asili ya Bukoba, alifungua chekechea mtaa wa pili na alimtaka akafundishe. Alimwomba mumewe Jumapili baada ya chakula. Safari hii Mbwana aliuliza maswali. Watoto wanakaa kwenye mkeka au madawati? Ubao wenyewe mweusi au mweupe? Rukaiya alijibu yote kwa kirefu, kwa sababu alikuwa hajawahi kuulizwa kitu. "Nitakujibu Ijumaa," Mbwana alisema. Alhamisi alianguka ghalani alikofanya kazi, hakuinuka.

Margareta alikubali kungoja eda iishe. Rukaiya naye, ndani ya chumba cha eda, alikuwa na wazo moja alilolilea kama kichanga: safari hii Mbwana angekubali. Yale maswali yalikuwa ya mtu anayeelekea kukubali.

Wiki ya mwisho ya eda, mtu alipiga hodi. Ilikuwa sauti ya kiume, Rukaiya akarudi nyuma ya pazia. Naima alifungua.

"Salaam aleikum, sista. Mie Twalib, fundi bati wa hapo kona. Nina amana ya marehemu."

"Amana gani, fundi? Usije ukatushushia geti hapa."

"Geti! Hii inaingia mfukoni. Nilikuwaga safarini, nimerudi juzi ndo naambiwa kaka hatunaye. Kaja kwangu Jumatatu asubuhi kabla hata sijawasha moto, ananiambia, fundi, Ijumaa usiniangushe, na ubao uwe mweusi."

Rukaiya alilishika pazia kwa mikono miwili.

Naima aliingia na kifurushi cha gazeti, akakifungua mwenyewe kwa pupa. "Wifi, njoo uone! Loo! Kaka alikupenda jamani. Mie wangu hata ubuyu hajawahi kuniletea."

Ulikuwa ubao mweusi wa miguu mitatu, dawati, na chaki iliyochongwa ikawa nyembamba kama njiti. Rukaiya aliushika ule ubao. Kumbe Jumapili ile alikuwa anachukuliwa vipimo.

"Usilie, wifi. Muombee dua."

"Namwombea," alisema Rukaiya.

Siku eda ilipoisha alioga, akavaa kanga mpya, na Naima akalifunua kabati. Asubuhi yote Rukaiya alikuwa analitafutia dawati mahali. Mwishowe aliliweka ukumbini, akamkalisha mtoto asiye na jina mbele ya ubao. Vilienea vizuri mno.

Mchana alikuja Margareta, kicheko kikimtangulia mlangoni. "Mwalimu! Umetoka salama? Jumatatu nakutaka, watoto wamechoka kuniona mimi tu."

Rukaiya alifungua mdomo aseme ndiyo. Hapakuwa na mtu wa kumzuia katika nyumba ile.

"Nitakujibu Ijumaa," alisema. Sauti ilikuwa yake.

Margareta alicheka, akidhani ni utani. "Ijumaa ya nini, mama? Unakwenda kumwuliza nani?"

Rukaiya alimkaribisha chai.