Konokono wa Baharini Ndani ya Chupa

Muuguzi ananipaka spiriti mkononi, na harufu yake inanirudisha shuleni, kwenye chupa ya mwalimu. Ndani yake mlikuwa na konokono wa baharini, laini, asiye na gamba. Mwalimu alisema kwamba alipokuwa hai alikuwa na rangi ya manjano na zambarau, lakini spiriti ilimfanya mweupe kama ugali uliolala.

Siku hiyo bibi, mzaa mama, alipita kunichukua twende shamba la pamba. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka. Mwaka ule Wazungu wa serikali walikuwa wamevunja kijiji chetu na kutuleta kukaa kando ya barabara, karibu na pamba yao. Nilimwonyesha chupa dirishani.

“Nyumba yake iko wapi?” akauliza.

“Mwalimu anasema anazaliwa nayo, bibi. Akikua kidogo anaiacha.”

Aliegemea ukuta, akamtazama yule konokono kwa muda mrefu.

“Anaiacha mwenyewe, ao wanamutoa?”

Tukashika njia ya pamba.

Sasa muuguzi ameshika kalamu, ananiuliza kijiji changu. Nimechoka kueleza. Namtajia kile cha barabarani.